Mada ya 7: Haki za Msimamizi katika Linux na Kihariri Kinapokataa Kufunguka

Malengo. Ukimaliza mada hii uweze:

- kueleza tofauti ya mtumiaji wa kawaida na msimamizi wa kompyuta;
- kusoma ruhusa za faili na kuzigeuza kuwa tarakimu;
- kutambua kwa nini kihariri kinakataa kufunguka kwa haki za msimamizi;
- kurekebisha faili la mfumo bila kuhatarisha kompyuta.

7.1 Utangulizi

Chukulia chumba cha kompyuta cha shule moja ya Bagamoyo. Intaneti haina uhakika, kwa hiyo mwalimu ameweka masomo na mitihani iliyopita kwenye kompyuta moja. Kompyuta nyingine zote huifikia kwa kebo, kwa jina la maktaba. Ili kila kompyuta ijue maktaba ni ipi, mstari mmoja huandikwa kwenye faili la mfumo liitwalo /etc/hosts:

192.168.1.10 maktaba

Siku moja namba ya kompyuta ya maktaba inabadilika, na mstari huu hauna budi kurekebishwa. Mwanafunzi anayemsaidia mwalimu anaandika amri ya kufungua kihariri kwa haki za msimamizi. Dirisha halitokei. Mtihani wa taifa uko wiki mbili mbele, na darasa zima halina mitihani iliyopita ya kujipima.

Wengi wakifika hapo hukimbilia kuondoa kihariri na kukiweka upya. Haisaidii, kwa kuwa kihariri si kibovu. Kimezuiwa mahali fulani njiani. Kazi yako ni kujua kimezuiwa wapi, na kompyuta yenyewe hukuambia kama utausoma ujumbe wake badala ya kuufunga.

Elewa wazo kwa Kiswahili kwanza. Ukilielewa, kuliandika kwa lugha ya mtihani hakutakusumbua. Amri na ujumbe wa kompyuta tumeviacha kama vinavyoonekana kwenye skrini.

7.2 Dhana za msingi

*Linux* ni kiini cha mfumo endeshi kilichoanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991. Kilifuata muundo wa Unix, mfumo uliozaliwa Bell Labs, Marekani, mwaka 1969. Usidhani ni kitu cha mbali: simu yoyote ya Android inaendeshwa na kiini cha Linux. *Ubuntu*, mfumo unaotumika sana katika shule, ulitolewa mara ya kwanza Oktoba 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Mwaka huohuo mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Programu hizi ni huria: shule hailipii leseni, na nyingi hufanya kazi vizuri hata kwenye kompyuta za zamani.

*Kihariri maandishi* ni programu ya kuandika na kurekebisha maandishi matupu, yasiyo na rangi wala mapambo. Kuna aina mbili. Vipo vinavyofanya kazi ndani ya dirisha la amri, yaani terminali, mfano nano. Vipo vinavyofungua dirisha lao wenyewe, mfano gedit. Shika tofauti hii, maana ndiyo itakayotatua nusu ya tatizo.

*Msimamizi* katika Linux huitwa root. Anaweza kusoma, kubadili na kufuta karibu kila kitu. Mtumiaji wa kawaida ana mamlaka juu ya folda yake ya nyumbani tu.

*sudo* ni amri inayomruhusu mtumiaji aliyeidhinishwa kufanya jambo moja kwa mamlaka ya root, kisha kurudi kuwa mtu wa kawaida. Ilitengenezwa karibu mwaka 1980 katika Chuo Kikuu cha Jimbo la New York, kampasi ya Buffalo. Katika Ubuntu, root hana nywila tangu mfumo unapowekwa. Kazi zote za usimamizi hupitia sudo.

*Ruhusa za faili* huonekana kwa amri hii:

ls -l /etc/hosts

Jibu huanza hivi:

-rw-r--r-- 1 root root

Ondoa alama ya kwanza, kisha gawa herufi tisa zilizobaki katika mafungu matatu: mwenye faili, kikundi chake, na watu wengine wote. Herufi r ni kusoma na thamani yake ni 4. W ni kuandika, thamani yake 2. X ni kuendesha, thamani yake 1. Basi rw- ni 4 + 2 = 6, na r-- ni 4. Faili hili lina ruhusa 644: root anasoma na kuandika, wengine wote wanasoma tu. Ndiyo maana unaweza kulifungua na kuliona, lakini huwezi kuhifadhi mabadiliko.

7.3 Milango mitatu

Unapoandika sudo gedit /etc/hosts, unaomba kupita milango mitatu inayofuatana:

1. *Mlango wa mtu:* je, wewe umeidhinishwa kutumia sudo?
2. *Mlango wa skrini:* je, programu inayoendeshwa na root inaruhusiwa kufungua dirisha kwenye skrini yako?
3. *Mlango wa faili:* je, faili lenyewe na diski yake vinakubali kuandikwa?

Kila mlango una mlinzi wake, na kupita mmoja hakukupi tiketi ya unaofuata. Mtahiniwa anayesema "nina haki za msimamizi, kwa hiyo kila kitu lazima kifunguke" amekosea hapa.

Kabla ya mlango wowote, hakikisha programu ipo. Ukiona ujumbe

sudo: gedit: command not found

maana yake kompyuta haina programu yenye jina hilo. Tangu toleo la 22.10, Ubuntu iliacha kutumia gedit kama kihariri chake cha kawaida na kuweka gnome-text-editor. Vivyo hivyo amri ya gksudo, iliyokuwa ikitumika zamani kufungua madirisha kwa haki za msimamizi, iliondolewa kuanzia Ubuntu 18.04. Ukiikuta kwenye kitabu cha zamani, usihangaike nayo.

7.4 Mlango wa kwanza: mtu

Sudo hukuuliza nywila yako mwenyewe, si ya root. Katika matoleo mengi, unapoiandika hakuna nyota wala nukta inayoonekana. Wanafunzi wengi hudhani kibodi imekufa. Haijafa, andika nywila yote kisha bonyeza kitufe cha kuingiza. Kama nywila imekataliwa, angalia kama kitufe cha herufi kubwa kimewashwa.

Kama nywila ni sahihi lakini unaambiwa kwamba jina lako

is not in the sudoers file

basi hujaidhinishwa. Hakikisha kwa amri:

groups

Katika Ubuntu, mtu aliyeidhinishwa ataona neno sudo kwenye orodha ya vikundi vyake. Akaunti ya kwanza iliyoundwa wakati wa kuweka mfumo huwa na idhini hiyo. Zinazofuata hazina hadi zipewe. Msimamizi aliyepo anaweza kumwongeza mtumiaji hivi:

sudo usermod -aG sudo mwanafunzi

Herufi a ina maana ya kuongeza. Ukiisahau, mtumiaji ataondolewa katika vikundi vyake vingine vya ziada. Baada ya amri hiyo, mtumiaji atoke kwenye akaunti na kuingia tena ndipo idhini ianze kufanya kazi.

Kumbuka kuwa kukataliwa kwenye mlango huu si hitilafu. Kama mwalimu hakukupa idhini, mfumo unafanya kazi yake. Hatua sahihi ni kumwomba mwenye mamlaka, si kutafuta namna ya kumzunguka.

7.5 Mlango wa pili: skrini

Hapa ndipo tatizo letu la Bagamoyo lilipo. Nywila imekubaliwa, programu ipo, lakini dirisha halitokei na terminali inaonyesha:

cannot open display

Chukua mfano wa nyumba ya kupanga pale Magomeni, Bagamoyo. Mwenye nyumba ana hati ya jengo zima. Anaweza kubadilisha kufuli la geti au kupaka ukuta rangi. Lakini hati hiyo haimpi rimoti ya televisheni iliyomo chumbani mwa mpangaji. Akitaka kuangalia taarifa ya habari humo, sharti mpangaji amkaribishe.

Root ni mwenye nyumba. Wewe uliyeingia kwenye kompyuta ni mpangaji, na skrini ni televisheni yako. Root ana mamlaka juu ya mafaili, lakini kipindi cha skrini kilifunguliwa kwa jina lako. Programu inayoendeshwa na root inapobisha hodi kwenye skrini hiyo, mlinzi huiona ngeni.

Katika mfumo wa skrini wa zamani uitwao X, ufunguo wa skrini huhifadhiwa kwa kawaida katika faili .Xauthority ndani ya folda ya nyumbani ya mtumiaji. Mfumo mpya uitwao Wayland ulijengwa kwa ulinzi mkali zaidi. Ubuntu iliufanya Wayland kuwa chaguo la kwanza katika toleo la 17.10 la Oktoba 2017, ikarudi kwenye X katika 18.04, kisha ikauchagua tena Wayland katika 21.04. Ndiyo maana amri ileile inaweza kufungua dirisha kwenye kompyuta moja na kukataliwa kwenye kompyuta ya jirani yake. Angalia unatumia upi kwa amri:

echo $XDG_SESSION_TYPE

Jibu litakuwa x11 au wayland.

Kwa nini wabunifu walifunga mlango huu? Dirisha ni programu kubwa. Lina menyu, picha, fonti na viongezi vingi, na kosa katika sehemu yoyote kati ya hizo, likiendeshwa kwa mamlaka ya root, linaweza kugusa kompyuta nzima. Isitoshe, kihariri cha dirisha kikiendeshwa na root kinaweza kuacha kwenye folda yako mafaili ambayo mmiliki wake ni root. Kesho yake programu zako zinashindwa kuhifadhi mipangilio, au unashindwa hata kuingia kwenye akaunti.

Suluhisho basi si kuuvunja mlango. Tumia njia isiyohitaji kuupita. Njia ziko tatu.

*Njia ya kwanza: kihariri cha terminali.*

sudo nano /etc/hosts

Nano hufanya kazi ndani ya terminali uliyokwisha kuifungua, kwa hiyo haiombi dirisha jipya. Hifadhi kwa Ctrl+O, toka kwa Ctrl+X.

*Njia ya pili: sudoedit.*

sudoedit /etc/hosts

Amri hii hutengeneza nakala ya muda ya faili, kisha hukufungulia nakala hiyo ukiwa mtumiaji wa kawaida. Ukimaliza na kuhifadhi, sudo huirudisha nakala mahali pa faili halisi. Mamlaka ya root hutumika kwenye kunakili tu, si kwenye kuandika. Ukiulizwa katika mtihani njia iliyo salama zaidi, taja hii na utoe sababu hiyo.

*Njia ya tatu: anwani ya admin.* Kama unapenda dirisha, na kompyuta ina gedit na mazingira ya GNOME:

gedit admin:///etc/hosts

Hesabu mikwaju: ni mitatu. Hapa hakuna sudo mwanzoni. Kihariri kinaendeshwa na wewe, na mfumo hukuuliza nywila pale faili linapohitaji kusomwa au kuhifadhiwa.

Rudi kwenye mfano wetu. Katika njia ya pili na ya tatu, mpangaji anabaki chumbani na televisheni yake, na mwenye nyumba anaitwa kwa kazi moja tu ya kubadilisha kufuli la geti.

7.6 Mlango wa tatu: faili

Mara nyingine kihariri kinafunguka vizuri, ukiwa root kweli, lakini kuhifadhi kunakataa. Chunguza mambo matatu kwa mpangilio huu.

*Diski imewekwa katika hali ya kusoma tu.* Umeme ukikatika ghafla kompyuta ikiwa inaandika, mfumo wa mafaili unaweza kuharibika. Ubuntu ikigundua kosa katika diski kuu, hujilinda kwa kuifanya isomeke tu. Angalia:

findmnt /

Ukiona ro mwanzoni mwa safu ya mwisho badala ya rw, hilo ndilo tatizo. Usilazimishe kuandika. Nakili kazi muhimu kwenye flashi, zima kompyuta, kisha mwalimu aiwashe kwa flashi yenye Linux na kuikagua diski kwa fsck ikiwa haitumiki. Shule inayokatikiwa umeme mara kwa mara inahitaji betri ya akiba angalau kwa kompyuta ya maktaba.

*Diski imejaa.* Angalia:

df -h /

Ikionyesha 100%, futa mafaili yasiyohitajika kisha jaribu tena.

*Faili limefungwa lisibadilishwe.* Angalia:

lsattr /etc/hosts

Herufi i ikionekana kati ya vistari, hata root hawezi kuandika mpaka kufuli hiyo iondolewe kwa sudo chattr -i. Jiulize kwanza nani aliiweka na kwa sababu gani.

7.7 Muhtasari wa utambuzi

| Unachokiona | Kilichozuia | Hatua |
|---|---|---|
| command not found | Programu haipo | Tumia kihariri kilichopo, mfano nano |
| is not in the sudoers file | Mlango wa mtu | Omba idhini kwa msimamizi |
| cannot open display | Mlango wa skrini | sudoedit, sudo nano au admin:// |
| Linafunguka lakini halihifadhi | Mlango wa faili | findmnt, df, lsattr |

7.8 Makosa ya kuepuka

*Kutoa ruhusa 777.* Wapo wanaochoka na kuandika chmod 777 ili kila mtu aandike. Kwa /etc/hosts, hii ina maana mwanafunzi yeyote anaweza kuelekeza jina la maktaba kwenye kompyuta nyingine. Kwa /etc/sudoers ni hatari zaidi: sudo ikikuta faili lake la kanuni linaandikika na kila mtu, hukataa kufanya kazi kabisa, nawe unabaki nje ya geti ulilolifungua mwenyewe.

*Kuandika xhost +.* Amri hii huwaruhusu wote kuifikia skrini ya X. Ni kama kuacha mlango wa chumba wazi usiku kucha ili mgeni mmoja aingie.

*Kurekebisha /etc/sudoers kwa kihariri cha kawaida.* Kosa moja la uandishi linaweza kuzima sudo nzima. Tumia sudo visudo, ambayo hukagua maandishi kabla ya kuyakubali.

*Kubadili bila nakala.* Kabla ya kugusa faili la mfumo, andika:

sudo cp /etc/hosts /etc/hosts.zamani

Sekunde tano za kunakili zinaweza kuokoa siku nzima.

7.9 Swali la mfano na jibu lake

*Swali.* Amina ameidhinishwa kutumia sudo. Ameandika sudo gedit /etc/hosts, nywila ikakubaliwa, lakini akapata ujumbe wa cannot open display. (a) Eleza chanzo cha tatizo. (alama 4) (b) Taja njia mbili za kurekebisha faili hilo. (alama 2) (c) Kwa nini sudoedit ni salama kuliko kuendesha kihariri chote kwa mamlaka ya root? (alama 4)

*Jibu.*

(a) Amina amepita ukaguzi wa sudo, hivyo tatizo si nywila wala idhini. Kipindi cha skrini kilifunguliwa kwa jina la Amina, na programu ya root huhesabika kuwa mtumiaji mwingine. Mfumo wa skrini umeikatalia kufungua dirisha.

(b) sudo nano /etc/hosts, sudoedit /etc/hosts.

(c) Sudoedit hukifungua kihariri kwa mamlaka ya kawaida juu ya nakala ya muda. Mamlaka ya root hutumika kunakili tu. Hivyo kosa ndani ya kihariri haliwezi kugusa mafaili mengine ya mfumo, wala kihariri hakiachi mafaili ya root katika folda ya mtumiaji.

*Maoni.* Katika (a), anayeandika "gedit ni mbovu" hapati alama, kwa kuwa ujumbe wenyewe unataja skrini. Katika (c), kusema "ni salama zaidi" bila sababu hakutoshi. Neno *eleza* na maneno *kwa nini* hudai sababu, *taja* halidai.

7.10 Maswali ya kujipima

1. Geuza ruhusa rw-r----- kuwa tarakimu.
2. Faili lina ruhusa 755. Nani anaweza kuliandika?
3. Kompyuta imezimika ghafla umeme ulipokatika. Baada ya kuwashwa, sudo nano inafungua faili lakini haihifadhi. Utaanza kuchunguza nini, na kwa amri gani?
4. Juma alipewa idhini ya sudo dakika moja iliyopita lakini bado anakataliwa. Toa sababu moja inayowezekana.
5. Mwenzako anashauri wanafunzi wote wa kidato cha nne wapewe idhini ya sudo ili kazi ziende haraka. Toa hoja mbili za kupinga.

*Majibu:* 1. 640. 2. Mwenye faili peke yake, pamoja na root. 3. Hali ya diski, kwa findmnt /. 4. Hajatoka kwenye akaunti na kuingia tena. 5. Jibu litaje uwezekano wa mmoja kuharibu kompyuta nzima kwa bahati mbaya, na ugumu wa kujua nani awajibike inapoharibika.